Mtindi, Tembe na Kisigino cha Zapryan

Zapryan Gerdzhikov alikuwa na vitu vitatu vya kujivunia: masharubu, sauti nene, na nafasi ya mbele kwenye horo, ngoma ya kushikana mikono. Masharubu aliyarithi kwa baba yake. Sauti aliipata kwa kupigizana kelele na trekta la ushirika tangu ujana wake. Nafasi ya mbele aliipata pale aliyeishika kabla yake alipokufa, na tangu siku hiyo hakumwachia mtu. Ikifika sikukuu ya Mtakatifu Iliya, zumari la mfuko likilia na ngoma kubwa ikiitika, kijiji kizima cha Dolna Krusha hushikana mikono kwa mstari mmoja mrefu unaojikunja uwanjani kama utumbo, na kwenye ncha ya mstari yuko Zapryan, akipunga kitambaa chekundu na kuwaamulia watu wote wapite wapi. Siku nyingine zilizobaki za mwaka, hata mbuzi wake walikuwa hawamuulizi wapite wapi.

Kwa hiyo mkojo ulipomgomea, majuma machache kabla ya sikukuu, alifanya kile ambacho mwanaume mwenye heshima zake hufanya: alinyamaza. Alisimama chooni kama abiria anayesubiri basi la Jumapili, na basi lenyewe likifika linashusha matone mawili ya moto na kuondoka. Jioni homa ikampanda. Akawa anatetemeka chini ya blanketi huku nje mbwa ametoa ulimi kwa joto. Wahenga walisema mficha maradhi kilio kitamuumbua, lakini wahenga hawakuwahi kuwa na jirani kama Tanyo.

Tanyo mfuga nyuki alikaa ng'ambo ya ukuta, na alikitaka kile kitambaa kuliko alivyoutaka ufalme wa mbinguni. Kifua chake kilikuwa kimechakaa kwa sigara, akikohoa nyuki wanahama, lakini miguu alikuwa nayo. Kila mwaka alicheza wa nne kwenye mstari na kuirusha juu kupita inavyotakiwa, ili waliokaa waone na wapime wenyewe. Zapryan alijua vizuri kwamba siku kijiji kitakaposikia kiongozi wa horo hawezi kukojoa, atachekwa mpaka kaburini, na kitambaa kitahamia ng'ambo ya ukuta.

Aliyemfumania ni mkewe, Velika, mwanamke mfupi mwenye mikono ya mfinyanzi na mdomo usio na mlango.

"Wewe Zapryan! Umeingia humo taarifa ya habari ikianza, sasa wanasoma hali ya hewa. Umefia humo au unataga?"

"Niache nipumue!"

"Pumua, lakini kojoa pia. Unadhani sisikii? Nimeishi na wewe miaka yote hii, mlio wako naujua kama kengele ya kanisa. Na kengele siku hizi haigongi."

Zapryan alipofungua mlango, Velika akamwekea kiganja kwenye paji la uso, na mzaha ukamwisha. Asubuhi yake walikuwa ndani ya Lada wakielekea mjini. Njiani Zapryan akamwapisha kwa mizimu ya mama yake na kwa sanamu ya Mtakatifu Iliya mwenyewe kwamba hatasema neno kwa mtu.

"Tukiulizwa, tunasema ni kifua."

"Kifua? Kwa nini kifua?"

"Kifua ni ugonjwa wa kiume. Hata majenerali huumwa kifua."

Daktari Mihova alikuwa binti wa watu wa hapo hapo, na Zapryan aliwahi kumshusha kwenye mti wake wa cheri kwa fimbo alipokuwa na umri wa kuiba. Sasa yeye ndiye aliyevaa glavu. Yaliyotokea kwenye kitanda cha uchunguzi Zapryan hakumsimulia mtu, na sisi tutamstahi. Tuseme tu kwamba alitoka akiwa mnyenyekevu kwa muda, na kwamba majibu ya maabara yalipokuja, daktari alimwita ndani peke yake. Velika alibaki kwenye benchi la ukumbini akigombana na mama mmoja kuhusu pilipili za kukaanga. Makosa yote yaliyofuata yalianzia kwenye benchi hilo.

"Mzee Zapryan," daktari alisema, "mdudu aliyekuingia ni mkaidi. Dawa za kawaida anazitafuna kama karanga. Hii hapa, siprofloksasini, ndiyo inayomuua, na ingekuwapo nyingine ya kumeza ningekupa hiyo nyingine, kwa sababu hii ni dawa ya kuheshimiwa. Tembe asubuhi, tembe usiku, na maji mengi. Si kwa maziwa, si kwa mtindi, si kwa dawa ya kiungulia. Jua la mchana likimbie, utaungua kama hujawahi kuona jua. Ukiota ndoto za kichaa, niambie. Na sasa nitazame mimi, acha kutazama dirishani."

Akainama, akagusa nyuma ya kifundo cha mguu wake mwenyewe, juu kidogo ya kisigino.

"Kano hii. Kwa watu wa umri wako, dawa hii inaweza kuilegeza mpaka ikakatika. Ikikatika inasikika, pah, kama kuni. Ukisikia maumivu hapa, hata madogo, unaacha tembe siku hiyo hiyo, unakaa chini, unanipigia simu. Kwani hutumii vile vidonge vidogo vyeupe, steroidi, wanavyopewa watu wa pumu na wa mapafu? Maana vikikutana na hii, kano inakatika upesi zaidi."

"Mimi natumia glasi yangu ya rakia tu, mwanangu."

"Ipumzishe na hiyo. Umesikia yote?"

Zapryan akatikisa kichwa kushoto na kulia kukubali, kama tunavyokubali sisi wa nchi hii. Ukweli ni kwamba alisikiliza vile alivyokuwa akisikiliza hotuba za mwenyekiti wa ushirika, yaani kwa uso. Kilichomwingia kilikuwa kisigino, kwa sababu alikuwa anakihitaji. Mtindi ulipita sikio la kulia ukatokea la kushoto. Nani alijua kuna mtu duniani anayeweza kumkataza mtu mtindi?

Velika hasa ndiye ambaye hangeweza kuwaza jambo kama hilo. Kwake Mungu aliumba mbingu na nchi, kisha akapumzika akala mtindi. Wake ulikuwa wa maziwa ya kondoo, mzito, ukipindua bakuli haumwagiki, na mbegu yake ilitoka kwa bibi yake aliyekufa ana meno yote. Mtu akiungua, alipakwa mtindi. Mtu akilewa, alinyweshwa mtindi. Na mtu akimeza antibiotiki, basi kila mama wa nchi hii anajua, dawa hizo huchoma tumbo na kinga yake ni mtindi.

"Antibiotiki na maji matupu?" alisema usiku ule wa kwanza, akimtazama Zapryan aliyeshika glasi. "Nani kakulaani? Weka hiyo chini."

Akamletea bakuli. Tembe ikazama kwenye mtindi, ikamezwa na kijiko cha kwanza, na bakuli zima likafuata kuisindikiza. Asubuhi bakuli jingine. Kukiwa na joto sana, akamtengenezea supu baridi ya mtindi na matango, na tembe ikaelea humo pamoja na kitunguu saumu. Zapryan alimeza dawa kwa utii ambao hajawahi kuuonyesha serikali yoyote.

Na homa ikaendelea. Basi la Jumapili likapungua hata hilo lililokuwa linakuja. Usiku mmoja alitetemeka mpaka kitanda kikagonga ukuta, na Tanyo, ng'ambo, akapaza sauti: "Hongereni huko!" Velika hakucheka. Alikaa kitandani kamshika mumewe mkono mpaka kukapambazuka, kisha akamtia kwenye gari kama gunia, na safari hii aliingia naye chumbani kwa daktari bila kukaribishwa.

Daktari Mihova alipima, akapapasa, akakunja uso. "Hii haiwezekani. Dawa ni sahihi. Umeruka tembe?"

"Hata moja," alisema Velika. "Namlisha mwenyewe kwa mkono wangu."

"Unamlisha na nini?"

"Na mtindi, kwani na nini tena?"

Daktari akaweka kalamu chini. Alimtazama Zapryan, na Zapryan akatazama bango la ukutani lenye picha ya figo.

"Mama Velika," daktari alisema taratibu, "mtindi ukikutana na tembe hii tumboni huikamata kama mama mkwe anavyomkamata mwanawe wa pekee. Hauiachii. Wanakaa pamoja, wanasafiri pamoja, na wanatokea pamoja upande wa pili. Mdudu wake hajaiona dawa. Amekaa humo ndani anangoja hiyo dawa anayoisikia tu."

"Yaani unasema mtindi wangu ni sumu!"

"Nasema ni mtamu kuliko wa mama yangu, na ole wako umwambie. Mpe mchana, mbali na tembe. Asubuhi na usiku, maji. Nilimwambia mzee."

Velika akageuka polepole kumwelekea mumewe. Zapryan bado alikuwa anasoma figo.

Ndani ya gari hakumfokea, na hapo ndipo Zapryan alipoogopa. Alitazama mbele, mikono magotini, na machozi yakamtoka bila kelele. "Nilikuwa nakuua kwa kijiko," alisema. "Kila asubuhi nakutengea, nakwambia kula, na nakuua."

"Acha basi. Angalau ningekufa nimeshiba."

Akampiga kofi la bega ambalo nusura liwapeleke mtaroni. Kisha akajifuta, na mambo yakawa sawa.

Tembe zikaanza upya, safari hii kwa maji, na Velika akisimama juu yake kama mlinzi wa benki. Haikuchukua muda mkojo ukaja, na haukuja kwa woga. Zapryan alitoka nyuma ya zizi jioni moja, akaupeleka ukutani kwa Tanyo kwa urefu wake wote, akitabasamu peke yake kama mtu aliyepata barua kutoka Marekani. Alianza kula. Alianza kuimba. Kweli, aliota mwenyekiti wa ushirika, marehemu, akiwa amempanda nguruwe jike na kudai hesabu ya dizeli, lakini kwa furaha aliyokuwa nayo angemlipa. Sikukuu ilikuwa inakaribia, na alikitoa kitambaa kabatini akakipiga pasi mwenyewe.

Akaanza pia kufanya mazoezi ghalani, kwa siri, mbele ya mbuzi. Hatua ndefu, hatua fupi, kuruka, kuchuchumaa. Asubuhi moja alipotua kutoka kwenye mruko, kitu kikamuuma nyuma ya kifundo cha mguu wa kulia. Hayakuwa maumivu makubwa. Yalikuwa kama mtu amemfinya kwa vidole viwili asiachie.

Hapo mtu mwenye akili angekaa chini akashika simu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na hapa methali ilikuwa imekuja nzima nzima, na guu lake. Lakini huyu mkuu alikuwa binti aliyewahi kumshusha mtini kwa fimbo, sikukuu ilikuwa mlangoni, na Zapryan alikuwa na hesabu zake: kisigino kitangoja, horo haingoji. Akakifunga kitambaa cha sufu, akavaa soksi ndefu juu yake, akakohoa barabarani kila alipokutana na watu, maana bado alikuwa mgonjwa wa kifua.

Velika alimwona anashuka ngazi za ghalani ubavu ubavu, kama kaa.

"Mguu una nini?"

"Mguu wa nani?"

"Wa Papa! Wako! Njoo hapa. Vua soksi."

"Velika, nakuomba, zimebaki siku chache tu..."

"Nilisema vua."

Alipoona uvimbe, hakubishana naye tena. Alipiga simu, akaiweka sauti juu na kuisimamisha kwenye gogo la kupasulia kuni. Daktari Mihova alisikiliza kwa kadiri ya pumzi moja.

"Asimeze tembe nyingine. Hata ya leo usiku. Mlete nimbadilishie, nitamchoma sindano za dawa nyingine, na mguu asiukanyagie kwa nguvu mpaka nitakapomwambia."

"Na horo?" Zapryan aliuliza, kwa sauti ndogo ambayo masharubu yalikuwa hayaijui.

"Mzee, ukicheza horo kano yako itasikika mpaka mjini Plovdiv. Na tembe zilizobaki zirudishe duka la dawa. Mtu asizimeze, mtu asipewe."

Sindano zilichomwa matakoni, kwa zamu, upande huu na upande ule, na mdudu akamalizika kabisa. Kisigino kikaanza kutulia. Zapryan naye alikwenda ghalani akalia kidogo, na mbuzi waliona. Tembe zilizobaki Velika alishindwa kuzitupa. Alizitia kwenye droo chini ya taulo, mahali dawa zote zilizobaki za nyumba ile zilipoishi, kwa sababu kila nyumba ya Dolna Krusha ina droo ya namna hiyo, na mtu akiugua majirani hufungua droo zao na kumgawia, kama wanavyogawiana mbegu za nyanya.

Siku ya Mtakatifu Iliya ikafika, jua likiwaka kama limetumwa. Supu ya kondoo wa sadaka ilichemka kwenye masufuria uwanjani, padri akaibariki, na watu wakajipanga kwenye meza ndefu chini ya turubai. Zapryan alikaa mwisho wa meza, kandambili mguuni, mkongojo ubavuni, akikohoa pale alipokumbuka. Aliwaambia wote kwamba kifua kilikuwa kimemshukia mguuni, na kijiji kikaupokea ugonjwa huo mpya bila kuuliza.

Kitambaa alikuwa amekitoa asubuhi. Tanyo alikipokea kwa mikono miwili kama sakramenti. Kisha zumari likalia, mstari ukaundwa, na Tanyo akaongoza horo ya kwanza ya maisha yake, akirusha miguu, akiruka, akipiga miluzi, uso umemwiva kama nyanya. Kila mara kitambaa kilipopungwa, kitu kilimchoma Zapryan moyoni. Alimwombea Tanyo ajikwae. Alilitamka ombi lile kwa maneno kamili, na jina la Mungu ndani yake.

Horo ilipokwisha, Tanyo alikuja moja kwa moja mezani kwao, amelowa jasho, anakohoa mpaka vijiko vikatikisika. Mkewe, Gina, alimgonga mgongoni. Alipopata pumzi, akamwinamia Zapryan na kusema kwa sauti ya mtu ambaye leo ni kiongozi:

"Jirani, zile tembe zako za kifua. Si ulisema zilikuponya? Zilizobaki nipe mimi. Hiki changu kinanimaliza, na vidonge vyangu vyeupe peke yake havitoshi."

Kijiko cha Zapryan kikasimama hewani. Vidonge vyeupe. Alimsikia daktari kama amekaa pale mezani.

"Siyo za kifua chako," alisema.

"Kifua ni kifua, bwana! Kwani kifua changu kina milango mingine?"

"Nimezitupa."

"Velika hatupi kitu," Gina alidakia. "Ana mpaka makaratasi ya peremende za Krismasi. Velika, ziko wapi?"

Velika aliweka mkate chini. Aliwahi kuapa kwa mama yake na kwa mtakatifu ambaye leo ndiyo ilikuwa sikukuu yake. "Ziko kwenye droo," alisema. "Lakini mwenyewe ni huyu. Mwenyewe aseme." Na akamtazama mumewe kwa jicho lisilopepesa.

Zapryan akajaribu mlango mwingine. "Tanyo, Jumatatu nitakupeleka kwa daktari mwenyewe, kwa gari langu."

"Ahaa!" Tanyo akanyooka. Meza za jirani zikageuka. "Sasa nimeelewa. Jamani, mnaona? Wivu! Nimemshikia kitambaa siku moja, basi ananinyima tembe. Yuko radhi nife kwa kikohozi kuliko nicheze mbele yake! Mimi nilipompa asali ya bure mwaka ule wa baridi, nilimuuliza kifua chake ni cha aina gani?"

Watu wakaanza kuguna. Mtu akasema si vizuri, jirani ni jirani. Padri akasema jambo kuhusu Msamaria. Na Zapryan, ambaye dakika chache tu zilizopita alikuwa ameomba huyu mtu ajikwae, aliona jinsi ilivyokuwa rahisi. Kukaa kimya tu. Kumwacha Velika aende kwenye droo. Tanyo angezimeza kwa shukrani, na kabla ya mavuno ya asali kitambaa kingerudi kwa mwenyewe, na hakuna ambaye angejua. Wazo lile lilimtisha, kwa sababu lilikuwa tamu.

Akasimama kwa mkongojo. Sauti iliyopigizana kelele na trekta ikatoka yote.

"Ni za mkojo!"

Mpiga ngoma, aliyekuwa akijaribu ngozi yake, akasimama na fimbo juu.

"Sikuwahi kuumwa kifua! Nilikuwa siwezi kukojoa! Nasimama chooni nusu saa napata matone mawili, na daktari Mihova amenitia kidole, haya, mmeridhika? Tembe ni za mkojo, na zinakata kano ya kisigino, ndiyo maana nimekaa hapa kama kuku aliyefungwa mguu. Na wewe, Tanyo, na hivyo vidonge vyako vyeupe, zitakukata mara mbili! Ninakunyima ndiyo! Nakunyima mbele ya padri!"

Kisha mtu mmoja akapaliwa na supu, na uwanja mzima ukalipuka. Walicheka mpaka turubai likatikisika. Watu walishikana mabega. Mpiga zumari alijaribu kupuliza wimbo, hewa ikamtoka, zumari likatoa mlio ule ule ambao kila mmoja alikuwa anauwaza, wakaanza upya. "Matone mawili!" wakaitana meza kwa meza, na Zapryan alijua kuwa hilo ndilo jina lake tangu leo, na kwamba litaandikwa karibu na msalaba wake. Masikio yalimwaka. Alitamani ardhi ipasuke, lakini ardhi ya Dolna Krusha haijawahi kumsikiliza mtu.

Mtu mmoja tu hakucheka. Tanyo alikuwa ameketi. Taratibu, kama mtu anayejifichia jambo mwenyewe, aliinua mguu wake wa kushoto na kukipapasa kisigino.

"Zapryan," alisema chini chini. "Hizo tembe. Ni nyeupe, ndefu ndefu, zina mstari katikati?"

"Ndiyo. Kwa nini?"

"Shemeji alikuwa nazo zimebaki, za figo. Jina ni hilo hilo la zako, Velika alimtajia Gina. Nimemeza tangu katikati ya juma. Zimeniishia jana, ndiyo maana..." Akakibonyeza tena. "Hapa panauma tangu asubuhi. Nilidhani ni viatu vipya."

Zapryan hakuwahi kusogea haraka namna ile kwa miguu miwili mizima. Alimsukumia kiti, akamvua viatu kwa mikono yake, akamnyanyulia mguu juu ya benchi kati ya mikate. "Usikanyage! Hata hatua moja! Velika, piga simu!" Sauti ya daktari Mihova ilisikika mpaka meza ya padri, na haikuwa na maneno ya kanisani. Akae. Asimeze nyingine. Vidonge vyake vyeupe asiviguse mpaka aonane naye, asiviache mwenyewe. Wamlete kesho asubuhi, na droo nzima waje nayo kwenye mfuko.

"Nilikuwa niongoze ile ndefu sasa hivi," Tanyo alisema. Uso ulikuwa umempauka. "Ile yenye miruko."

"Najua."

"Ungeniacha tu."

"Nilitaka," alisema Zapryan. "Usinisifu. Nilitaka sana."

Tanyo akamsogezea sahani ya nyama. Wakakaa hivyo, majogoo wawili kwenye benchi moja, mguu wa kulia wa huyu na mguu wa kushoto wa yule imenyooshwa juu ya mbao. Uwanjani zumari likaanza horo ndefu, na mstari ukabaki umesimama hauna kichwa. Watu wakatazamana. Ndipo Velika alipofuta mikono kwenye aproni, akakiokota kitambaa kwenye meza bila kumuuliza mtu, akaenda mbele, akamshika mkono mpeleka barua aliyekuwa wa pili, na kuuvuta mstari mzima nyuma yake kama uzi kwenye sindano.

Uliendelea vizuri. Uliendelea vizuri mno. Zapryan alingoja ukosee mahali pa mkunjo wa kisima, pale ambapo yeye mwenyewe kila mwaka alihofia, na haukukosea. Velika hakuruka, hakupiga mluzi. Lakini kila mara kabla ya hatua kubadilika, Zapryan aliona vidole vyake vikimfinya mpeleka barua mkono, kidogo tu, na mpeleka barua akageuka pale pale.

Ule mfinyo aliujua. Miaka yote Velika alicheza wa pili, mkono wake ndani ya mkono wa kushoto wa mumewe, na kila mara kabla ya hatua kubadilika alimfinya hivyo hivyo. Zapryan alikuwa akidhani ni mapenzi.

"Mbona umenyamaza?" Tanyo aliuliza, mdomo umejaa.

"Kisigino," alisema Zapryan.

Mstari ukapita mbele yao. Velika alikuwa mwekundu, nywele zimefunguka, hakumtazama mtu. Zapryan alimfuata kwa macho mpaka upande wa pili wa uwanja, na mkono wake wa kushoto, peke yake juu ya meza, ukajifunga taratibu.

"Labda," akasema, "yalikuwa mapenzi pia."